Pamuk na Nobel ya 2006: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Oktoba, Stockholm inapokaribia kumtaja mshindi wa fasihi, maswali haya hurudi. Yaliongezeka mwaka 2021 Gurnah aliposhinda, maana watu walitaka kujua ilikuwaje kwa wenzetu Waturuki walipompata wa kwao. Kama humjui kabisa Pamuk, anzia juu. Kama umekuja kwa ule ubishi wa "tuzo ya siasa", teremka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

MAMBO YA MWANZO

Orhan Pamuk ni nani?

Ni mwandishi wa riwaya, mzaliwa wa Istanbul, tarehe 7 Juni 1952. Alikulia Nişantaşı, mtaa wa wenye nazo, kwenye jengo la ghorofa lililokuwa la ukoo wao na lililobeba jina lao. Neno lenyewe "pamuk" kwa Kituruki ni pamba. Alianza kusomea usanifu wa majengo akauacha, akasomea uandishi wa habari asiufanyie kazi, kisha akajifungia ndani kuandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1982, akiwa na miaka 30.

Alishinda lini, na walisema wanampa kwa lipi?

Alhamisi, 12 Oktoba 2006. Akademi ya Uswidi ilisema kwamba katika kuitafuta roho yenye huzuni ya mji aliozaliwa, amegundua alama mpya za tamaduni zinavyogongana na kusukana. Fedha za tuzo mwaka ule zilikuwa kronor milioni 10. Istanbul ilikuwa saa nane mchana. Yeye alikuwa New York, alikokuwa Chuo Kikuu cha Columbia, na huko ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka.

Ni kweli ndiye Mturuki wa kwanza kupata Nobel?

Kweli, na si ya fasihi tu, ya aina yoyote. Ndiyo maana kelele zilikuwa kubwa vile. Nchi yenye watu karibu milioni 70 ilikuwa imengoja tangu 1901. Waliofuata wametajwa kwenye swali la Aziz Sancar, huko chini.

Haya majina yanasomwaje?

Ş ni "sh", ç ni "ch", na c yenyewe ni "j". Kwa hiyo Şişli ni Shishli, na yule Cevdet wa riwaya yake ya kwanza ni Jevdet. Ğ haitamkwi, huvuta tu irabu iliyotangulia. Ukijua hayo manne hutaaibika.

KESI ILIYOTANGULIA TUZO

Alisema nini hasa hadi akashtakiwa?

Februari 2005 alihojiwa na jarida moja la Uswisi. Katikati ya mazungumzo akasema kwamba katika nchi ile wameuawa Wakurdi 30,000 na Waarmenia milioni moja, na kwamba karibu hakuna anayethubutu kulisema hilo ila yeye. Sentensi moja tu, tena kwenye mahojiano, si kwenye kitabu.

Waarmenia anaowataja ni wa mwaka 1915 na ile miaka ya mwisho ya Dola ya Uthmania. Serikali ya Uturuki haikatai kwamba watu walikufa. Inachokataa ni idadi, na zaidi jina la mauaji ya kimbari. Watu husahau kwamba Pamuk hakulitumia jina hilo kwenye mahojiano yale. Wakurdi ni habari ya karibu zaidi: vita vya jeshi na wapiganaji wa PKK (chama cha Wakurdi kilichoshika silaha) vilivyoanza mwaka 1984.

Ukiniuliza mimi, maneno yaliyouma kuliko yote ni yale ya mwisho, "ila mimi". Wazalendo wakali waliudhika kwa idadi. Lakini wako wengine, watu wa mrengo wa kushoto ambao kimsingi walikubaliana naye, walioudhika kwa "ila mimi". Mwanasosholojia İsmail Beşikçi alikaa gerezani miaka 17 kwa kuandika juu ya Wakurdi. Mtu kama huyo akisikia kwamba hakuna aliyethubutu kusema, unategemea apige makofi?

Kifungu cha 301 ni kitu gani?

Ni kifungu cha Kanuni ya Adhabu ya Uturuki kilichoanza kutumika Juni 2005. Kilifanya kosa la jinai kuukashifu hadharani "Uturuki", si kwa maana ya nchi bali ile hali ya kuwa Mturuki, pamoja na bunge, serikali na mahakama. Adhabu yake ilifika miaka mitatu jela. Kundi la mawakili wazalendo, aliyesikika zaidi akiwa Kemal Kerinçsiz, walikishika kama fimbo. Kila mwandishi aliyegusa 1915 alichongewa. Elif Shafak aliburutwa kortini kwa maneno ya mhusika wa riwaya, yaani mtu asiyekuwepo duniani, akaachiwa tarehe 21 Septemba 2006, wiki tatu tu kabla ya tuzo ya Pamuk.

Kesi ya Pamuk iliishaje?

Ilitajwa tarehe 16 Desemba 2005 katika korti ya Şişli, Istanbul, mbele ya waangalizi na waandishi wa habari kutoka Ulaya. Nje watu walipiga kelele za "haini", na gari lake likarushiwa mayai. Shauri lenyewe likakwama kwenye jambo la kiufundi: maneno aliyasema Februari, sheria ikaanza Juni. Hakimu akataka Wizara ya Sheria itoe idhini. Wizara ikajibu kwamba haina mamlaka hayo. Januari 2006 likafutwa. Kwa hiyo korti haikutamka kwamba hana hatia. Wapinzani wake hukumbusha hilo mpaka leo, na si uongo.

Vitabu vyake vilichomwa?

Swali hili huja na picha kichwani za milima ya vitabu ikiwaka moto. Kilichokuwepo ni kwamba mwaka 2005 mkuu wa wilaya mmoja huko Sütçüler, mkoa wa Isparta, aliamuru vitabu vya Pamuk viondolewe kwenye maktaba na kuteketezwa. Wakubwa zake wakaizuia amri hiyo. Walipokwenda kukagua rafu, ikaonekana maktaba za wilaya hazikuwa na kitabu chake hata kimoja.

SIKU YA TANGAZO

Waturuki walifurahi au walikasirika?

Yote mawili, na mara nyingi kwa mtu yule yule. Kulikuwa na waliofurahi bila masharti: wasomaji wake, waandishi wenzake wengi, vijana waliochoka kusikia nchi yao ikitajwa kwa mapinduzi ya kijeshi na matetemeko ya ardhi tu. Yaşar Kemal, mwandishi mzee aliyekuwa akitajwa kwa Nobel tangu Pamuk hajachapisha hata ukurasa, alimtumia pongezi. Kulikuwa na waliokasirika bila masharti pia. Kerinçsiz alisema tuzo haikutolewa kwa vitabu bali kwa kuitukana nchi, na kwamba yeye kama Mturuki anaona aibu. Mshairi Özdemir İnce, ambaye huwezi kumwita mtu asiyejua fasihi, alisema ukiwauliza wanafasihi makini watamweka Pamuk mkiani mwa orodha.

Lakini kundi kubwa lilikuwa katikati: "Nimefurahi, lakini..." Kituruki cha zamani kina neno hilo hilo, "lakin", ingawa siku hizi wengi husema "ama". Mwaka ule nchi nzima ilikuwa ikiongea kwa "ama". Nimefurahi, ama angenyamaza lile la Waarmenia. Ni fahari kwa lugha yetu, ama kwa nini yeye na si Yaşar Kemal?

Sisi tuna methali kwamba mcheza kwao hutunzwa. Pamuk alichezea kwao, akatunzwa ugenini, na waliobaki uwanjani wakaanza kuulizana kama ngoma ile alikuwa akiwachezea wao au wageni.

Kwa nini aliitwa "haini"?

Hili halihitaji mkalimani. Kwa Kituruki ni "vatan haini", haini wa nchi yake, na neno ni lile lile tulilolichukua sote kutoka Kiarabu. Pamuk hakuwa wa kwanza kuvishwa. Mshairi Nâzım Hikmet alivuliwa uraia mwaka 1951 na akafia Moscow mwaka 1963. Leo mashairi yake yanasomwa hata na wanasiasa ambao babu zao wangemfunga. Uraia alirudishiwa mwaka 2009, miaka 46 baada ya kuzikwa.

Uhaini wanaomaanisha hauhusu kuuza siri za jeshi. Kosa ni kuanika mambo ya ndani mbele ya wageni. Angeyasema maneno yale kwa Kituruki, kwenye gazeti la Istanbul, bila shaka angetukanwa; lakini kuyasema kwa jarida la Uswisi, wakati ule ule Uturuki ikijiandaa kuanza mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya, kulionekana kama mtoto wa nyumba kwenda kwa jirani kueleza baba anavyompiga mama. Aliyelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo anaielewa ile hasira, hata kama haikubali.

Serikali ilimpongeza?

Waziri Mkuu Recep Tayyip Erdoğan alimpongeza. Rais Ahmet Necdet Sezer alinyamaza, na kimya chake kilijadiliwa magazetini karibu kama tuzo yenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba Sezer ndiye aliyekuwa msekula, yaani asiyetaka dini iingie serikalini, mtu wa tabaka lile lile la kisasa alilotoka Pamuk, na Erdoğan ndiye aliyetoka kwenye siasa za Kiislamu. Anayedhani ugomvi ule ulikuwa wa dini dhidi ya usasa, asianzie hapa.

Na Ufaransa inaingiaje?

Inaingia vibaya. Siku hiyo hiyo, 12 Oktoba, wabunge wa Ufaransa walipitisha kwa kura 106 dhidi ya 19 mswada wa kumwadhibu atakayekana mauaji ya kimbari ya Waarmenia. Mturuki aliyefungua televisheni jioni ile alizipata habari mbili kwa pamoja: Paris inatuhukumu, Stockholm inamtuza yule aliyesema kama wao. Aliyekuwa na mashaka ya njama akapata ushahidi bila kuutafuta. Mswada ule haukufika kuwa sheria, na Pamuk mwenyewe aliupinga, akisema marufuku haifanani na utamaduni wa Kifaransa wa fikra huru uliomfundisha mengi. Maneno hayo hayakusafiri mbali kama yale ya Uswisi.

KUHUSU VITABU VYENYEWE

Je, waliomlaani walikuwa wamemsoma?

Baadhi. Utani wa siku nyingi Istanbul ni kwamba Pamuk hununuliwa na wengi na kumalizwa na wachache. Riwaya yake ya 1994 iliuzwa kwa kasi ambayo Uturuki haikuwa imeizoea, na wengi waliiweka chini kabla ya nusu. Wako pia wahakiki waliodai kwa dhati kwamba Kituruki chake kina makosa, kwamba sentensi zake ni ndefu hadi zinapoteza mwenyewe, na kwamba watafsiri ndio wanaomsafisha. Sisomi Kituruki kiasi cha kuamua. Ninachoweza kusema ni kwamba lawama hiyo ilikuwepo miaka mingi kabla ya mahojiano ya 2005, kwa hiyo si kila aliyeisema alikuwa akijificha nyuma ya sarufi.

Nianze na kipi?

Kama unapenda hadithi ya mauaji yenye wasimulizi wengi, hadi maiti na mbwa, anza na *Benim Adım Kırmızı* ya 1998, inayohusu wachoraji wa vitabu vya sultani. Ilishinda tuzo ya kimataifa ya fasihi ya Dublin mwaka 2003. Kama unataka kuelewa ugomvi wa ukurasa huu, soma *Kar* ya 2002, maana yake theluji. Mshairi anakwenda Kars, mji wa mpakani karibu na Armenia, theluji inafunga barabara, na ndani ya siku chache mji unageuka kuwa Uturuki nzima kwa udogo: wanajeshi, wasichana wa hijabu, Wakurdi, wasekula, majasusi, na majumba ya Waarmenia ambao hawapo. Usianze na *Kara Kitap*, hata kama Waturuki wengi watakuambia ndicho bora. Mimi kilinishinda mara mbili.

Hiyo "huzuni" anayoisema ni ile yetu?

Neno ni moja, "hüzün". Katika kitabu chake cha kumbukumbu za Istanbul, cha mwaka 2003, anaeleza kwamba si majonzi ya mtu mmoja. Ni hali inayokaliwa na mji mzima: nyumba za mbao za wakubwa wa zamani zinazooza kando ya Bosphorus, meli za abiria zikitoa moshi, watu wanaoishi ndani ya magofu ya dola iliyokwisha. Anayejua nyumba kuu za Mji Mkongwe, Unguja, zenye milango ya nakshi na miti iliyoota dirishani, hahitaji maelezo marefu.

Hotuba yake ya Nobel ilihusu siasa?

Hapana, na iliwashangaza wengi. Tarehe 7 Desemba 2006, mbele ya Akademi, alisimama akazungumza kwa Kituruki kuhusu sanduku la babake. Baba, Gündüz Pamuk, alitamani kuwa mshairi katika ujana wake lakini hakutaka maisha ya dhiki. Miaka miwili kabla ya kufa alimletea mwanawe sanduku dogo jeusi la ngozi lililojaa daftari zake, akamwambia azisome baada ya yeye kuondoka. Mwana alilizunguka siku kadhaa bila kulifungua. Aliogopa kukuta maandishi mabaya, na aliogopa zaidi kukuta mazuri.

Humo ndimo alimotaja msemo wa Kituruki wa kuchimba kisima kwa sindano, akasema ndiyo kazi ya mwandishi. Karibu na mwisho akaorodhesha sababu zinazomfanya aandike, na mojawapo ni kwamba ana hasira na watu wote. Baadhi ya Waturuki waliokuwa wamenuna walilainika siku hiyo. Kituruki kilikuwa kikisemwa pale kwa mara ya kwanza na mshindi wake, na mada ilikuwa baba na mwana.

BAADA YA TUZO

Ni kweli alitishiwa maisha?

Kweli. Tarehe 19 Januari 2007, miezi mitatu baada ya tuzo, Hrant Dink, mhariri Muarmenia wa gazeti la *Agos*, alipigwa risasi mbele ya ofisi yake mtaani Şişli, wilaya ile ile ya korti iliyotajwa juu. Naye alikuwa ametiwa hatiani kwa makosa ya aina ya 301. Zaidi ya watu laki moja walimzika wakibeba mabango ya "Sote ni Hrant Dink, sote ni Waarmenia". Siku chache baadaye mmoja wa watuhumiwa, akiingizwa kortini, alipaza sauti mbele ya kamera kwamba Orhan Pamuk awe na akili. Neno alilotumia ni "akıllı", na Mswahili analisikia vizuri bila kutafsiriwa. Pamuk alifuta ziara yake ya Ujerumani, akaondoka kwenda Marekani, na kwa miaka mingi akawa anatembea na mlinzi.

Sheria ilibadilishwa?

Kidogo. Aprili 2008, katika kifungu cha 301, neno "Uturuki" likawa "taifa la Kituruki", adhabu ya juu ikashuka hadi miaka miwili, na ikawa lazima Waziri wa Sheria aidhinishe kesi. Kifungu chenyewe kipo. Na kwa Pamuk mambo hayakuishia kwenye jinai: mwaka 2011 korti ilimwamuru awalipe walalamikaji jumla ya lira 6,000 kwa sababu maneno yake ya 2005 yaliwaumiza.

Siku hizi wamepatana naye?

Wamezoeana. Mwaka 2012 alifungua jumba la makumbusho Çukurcuma, Istanbul, la vitu vya wahusika wa riwaya yake ya 2008. Ukutani kwa mlangoni kuna vipande 4,213 vya sigara alizovuta mwanamke wa hadithi, kila kimoja kimebandikwa kwa pini na kuandikiwa tarehe kwa mkono. Watu wanaotembelea ni pamoja na wale ambao hawajawahi kumsamehe. Lakini mwaka 2021 riwaya yake ya tauni ilizua tena malalamiko, safari hii kwamba amemkejeli Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, na akachunguzwa.

MASWALI YA PEMBENI

Mbona Aziz Sancar hakupata kelele hizi?

Sancar, mzaliwa wa Savur, Mardin, alishinda Nobel ya kemia mwaka 2015, akaipeleka medali yake kwenye kaburi la Atatürk, Ankara. Shangwe zilikuwa za nchi nzima. Namna seli inavyokarabati DNA haimkumbushi mtu jambo asilotaka kukumbuka. Hata hivyo naye aliulizwa mara moja kama ni Mwarabu au Mturuki, ikabidi ajibu kwamba ni Mturuki, basi. Daron Acemoglu, mzaliwa wa Istanbul wa familia ya Kiarmenia, alishinda ya uchumi mwaka 2024, na hapo wengi walimwita "wetu" bila kusita. Mambo hubadilika.

Inafanana na ya Gurnah?

Kwa mbali. Oktoba 2021 Tanzania nayo ilishangilia kisha ikabishana, lakini ubishi wetu ulikuwa wa cheti: ni wetu au ni wa Uingereza? Ukaibua habari ya uraia pacha, na swali la aibu kidogo la wangapi tulikuwa tumemsoma. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, baada ya tuzo. Pamuk ni kinyume: hakuna aliyeuliza kama ni Mturuki. Anaishi pale, anaandika kwa lugha ya pale. Shida yao ilikuwa kwamba ni wao mno. Gurnah ameandika juu ya yaliyotokea Zanzibar mwaka 1964, lakini ameyaandika kwa Kiingereza, akiwa ng'ambo, na hakuna aliyemfungulia kesi.

Basi ilikuwa tuzo ya siasa au ya fasihi?

Swali linaloulizwa kuliko yote, na linalojibiwa kwa haraka kuliko yote. Wanaosema siasa wana tarehe upande wao: mahojiano Februari 2005, kesi Desemba, tuzo Oktoba. Wanaosema fasihi wana rafu: kabla ya yote hayo alikuwa na riwaya saba, tafsiri za lugha nyingi, na tuzo ya Dublin. Maoni yangu ni kwamba kesi haikumpa tuzo, ila huenda ilimwahisha. Mwandishi wa miaka 54 ni kijana kwa mizani ya Stockholm. Waliomshtaki kwa hiyo walimfanyia kampeni bora kuliko mchapishaji wake.

Kuna njia ya kujua kwa hakika?

Ipo. Akademi hufunga mapendekezo na majadiliano yake kwa miaka 50, kisha huyafungua kwa watafiti. Ya 2006 yatafunguliwa Januari 2057. Pamuk atakuwa na miaka 104.